Mtoto huyu ni wa nani? Wajibu wa mtu mzima kwa mtoto anayekaa naye



Kila juma sisi VHT tunapopita nyumba kwa nyumba hapa Nakivale tunauliza maswali yale yale: watoto ni wangapi, nani amemaliza chanjo, nani anaharisha, nani analala ndani ya chandarua. Liko swali moja ambalo watu wengi hawalipendi. Ni hili: "Huyu mtoto ni wa nani?" Wengine wanacheka, wengine wanakasirika, na wengi wanajibu haraka haraka, "Ni wangu."

Kwa desturi zetu jibu hilo si uongo. Mtoto wa marehemu ndugu yako ni mtoto wako. Na mtoto uliyemkuta njiani wakati wa kukimbia, ukambeba mgongoni hadi mpakani, nani atakuambia si wako? Lakini kwenye kituo cha afya, kwenye ofisi ya kuandikisha wakimbizi na mbele ya sheria ya Uganda, swali hilo lina sehemu mbili. Ya kwanza, nani alimzaa? Ya pili, nani anawajibika juu yake leo? Tukizichanganya hizo mbili, anayeumia ni mtoto.

Mfano wa kwetu

Mwaka 2022 watu wengi walivuka mpaka pale Bunagana wakikimbia vita vya Rutshuru. Mama mmoja alivuka na watoto wake watatu na wa nne wa jirani yake, mvulana wa miaka minne. Wakati wa kuandikishwa alisema wote wanne amewazaa yeye. Hakutaka kupata kitu cha bure. Aliogopa tu kwamba mtoto angechukuliwa na kupelekwa mahali asipojua.

Baada ya miezi mtoto aliugua. Mikono ilivimba, macho yakawa ya manjano, alilia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa, damu ikapungua. Alipelekwa hospitali. Pale wakamuuliza mama: je, amewahi kuugua hivi? Je, amewahi kuongezewa damu? Je, katika ukoo kuna ndugu wenye ugonjwa huu? Yeye alikwisha kusema ni mama mzazi, na mama mzazi hawezi kujibu "sijui". Basi akajibu "hapana" kwa yote matatu. Kumbe mtoto alikuwa amepimwa kule nyumbani akiwa mdogo, akakutwa na ule ugonjwa ambao sisi tunauita SS, yaani selimundu. Mama yake mzazi alijua kabisa. Jambo hili lilijulikana baadaye, shangazi wa mtoto alipopatikana katika zoni nyingine.

Mtoto alipona, maana hospitali ilipima damu na kugundua. Lakini mtoto mwenye SS anahitaji dawa za kuendelea nazo: penisilini hadi atimize miaka mitano, asidi ya foliki, na dawa ya kumkinga na malaria. Miezi ile yote hakupewa hata moja. Kama yule mama angesema tangu mwanzo, "Huyu ni wa jirani yangu, historia yake siijui," wahudumu wangejua kwamba inabidi kupima kila kitu upya. "Sijui" ni jibu zuri sana kwa daktari. "Hapana" isiyo ya kweli ndiyo inayompotosha.

Sheria inasema nini

Uganda ina Sheria ya Watoto iliyoanza kutumika mwaka 1997 na kurekebishwa mwaka 2016. Mtoto ni mtu yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Kuwa mkimbizi hakumtoi mtoto nje ya sheria hiyo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 nayo inamtambua mtoto mkimbizi na haki zake, pamoja na zile za Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 na Mkataba wa Afrika wa mwaka 1990.

Sasa msikilize vizuri hapa. Sheria ya Watoto inapotaja mwenye wajibu wa kumtunza mtoto haisemi mzazi peke yake. Inasema mzazi, mlezi, au mtu yeyote ambaye mtoto yuko mikononi mwake. Na inataja mtoto anadai nini kwa mtu huyo: elimu na malezi, chanjo, chakula cha kutosha, mavazi, mahali pa kulala na matibabu. Inaongeza kwamba mtu huyo amkinge mtoto na ubaguzi, ukatili na kutelekezwa. Chanjo imetajwa humo pamoja na chakula. Mwaka 2017 Uganda ilipata hata sheria ya pekee ya chanjo, inayomlazimisha mzazi au mlezi kumchanjisha mtoto, na inayotaka kadi ya chanjo ionyeshwe mtoto anapoandikishwa shule ya chekechea au ya msingi.

Kwa hiyo yule anayesema, "Mimi si mama yake, kwa nini mnanisumbua na kadi?" sheria imekwisha kumjibu. Mtoto akilala kwako na kula kwako, wajibu uko kwako.

Lakini kuwa na wajibu hakukupi mamlaka yote. Hapa watu wengi wanakosea, tena watu wenye roho nzuri. Wazazi wakiwa wamekufa, sheria inakubali wajibu wao upite kwa ndugu wa upande wa baba au wa mama, au kwa mlezi anayewekwa na mamlaka. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliutambua pia ulezi wa kimila, ndugu wanapokaa pamoja na kumchagua mlezi kwa desturi yao. Ulezi kamili wa kisheria unatolewa na mahakama. Jirani aliyemchukua mtoto njiani hana hata kimoja kati ya hivyo. Analazimika kumlisha, kumtibu na kumpeleka shule, lakini hawezi kumbadilisha jina, kumwoza, kumtuma Kampala akafanye kazi za nyumbani, wala kurudi naye Kongo bila kumwambia mtu. Huyo mtoto huenda ana mama anayemtafuta.

Maneno yetu na karatasi za ofisi

Kuna makosa yanayotokana na lugha tu. Kwetu ndugu mdogo wa baba ni baba mdogo, na mtoto akiitwa anamwita "baba". Dada ya mama ni mama mdogo au mama mkubwa, na mtoto anamwita "mama". Watoto wao ni kaka na dada, wala hakuna anayefikiri kusema "binamu". Sasa mtoto anaulizwa ofisini, "Huyu ni nani?" anajibu "Baba," na karani anaandika baba mzazi. Hakuna aliyedanganya, lakini karatasi imekwisha kuharibika.

Ushauri wetu: ukiulizwa, ongeza neno moja. Sema "ni baba yake mdogo", "ni shangazi, dada ya baba yake", "ni jirani, tulitoka kijiji kimoja". Na ukiwa wewe ndiye unayetafsiri kwa ajili ya mwenzako, usifupishe.

Mashirika yanagawanya watoto hawa katika makundi mawili. Mtoto aliye na ndugu yake, kwa mfano bibi au mjomba, lakini hana baba wala mama, anaitwa mtoto aliyetengana na wazazi. Mtoto asiye na mzazi wala ndugu yeyote mtu mzima wa kumtunza anaitwa mtoto asiyefuatana na mtu. Wengi hawajui kwamba mtoto anayelelewa na jirani yumo katika kundi hili la pili, hata kama anapendwa na anakula vizuri. Kuandikwa humo si aibu na si adhabu. Maana yake ni kwamba mfanyakazi wa ulinzi wa watoto anapaswa kumtembelea na kufuatilia hali yake.

Hofu tatu

Tumezisikia hofu hizi mara nyingi, hasa jioni watu wakikaa kwenye foleni ya maji.

Ya kwanza ni kwamba ukisema ukweli, mtoto atachukuliwa na kupelekwa kituo cha yatima. Mwelekeo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi ya watoto wasio na wazazi, uliopitishwa mwaka 2009, unasema kinyume chake: mtoto abaki katika familia, kwanza ya ndugu, kisha familia nyingine ya kumlea, na kituo kiwe njia ya mwisho. Wafanyakazi wanapokuja kukuuliza maswali mengi, wanapima kama mtoto yuko salama kwako. Wanamuuliza mtoto pia, peke yake, kwa sababu maoni yake yana uzito. Akiwa salama na mwenyewe anataka kubaki, kwa kawaida anabaki, na sasa kuna karatasi inayosema yuko kwako kwa halali.

Ya pili inahusu posho. Watu wanasema mtoto wa kupokelewa anapunguza haki ya familia. Mtoto aliyeandikishwa anahesabiwa kama mtu. Anayekosa ni yule asiyeandikishwa popote, anayekula sehemu ya wenzake kila mwezi, na mara nyingi ndiye ambaye utepe wetu wa kupima mkono unaonyesha rangi nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5.

Ya tatu ni safari ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Hii ndiyo inayowafanya wengi wamtaje mtoto wa ndugu kuwa wa kumzaa. Ninyi mnajua kwamba kwenye mahojiano kila mtu anaulizwa peke yake. Mwaka 2008 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuunganisha familia za wakimbizi, ule wa P-3, baada ya vipimo vya DNA kuonyesha kwamba wengi waliotajwa kuwa ndugu wa damu hawakuwa hivyo. Mpango haukuendelea hadi mwaka 2012. Miaka minne familia zilikaa zikingoja, na humo ndani walikuwamo watoto waliolelewa kwa haki kabisa lakini walioandikwa vibaya. Mtoto wa kulelewa anaweza kuandikwa kama mtoto wa kulelewa. Akiandikwa kama wa kuzaliwa, siku ya kipimo yeye ndiye anayebaki nyuma.

Liko na jambo la nne, ambalo si hofu bali hasara. Msalaba Mwekundu unatafuta ndugu waliopotezana, bila malipo. Unatumia jina la mtoto, la baba yake, la mama yake na la kijiji. Ukimpa mtoto jina lako, umefuta njia ambayo mama yake angepitia kumpata. Kwa mtoto mdogo asiyejua jina la kijiji chao, wewe uliyekuja naye ndiye kumbukumbu yake. Andika unachokumbuka sasa, kabla hujasahau: mlikutana wapi, alivaa nini, aliitaje nyumbani kwao, aliongea lugha gani.

Kwenye kituo cha afya

Kwa chanjo na magonjwa ya kawaida hatuhitaji mzazi aliyemzaa. Tunahitaji mtu mzima anayemjua mtoto, na kadi. Nyanya anaweza kuja, baba mdogo anaweza kuja, jirani pia. Baadhi ya tarehe zinajulikana: wakati wa kuzaliwa, majuma 6, majuma 10, majuma 14, miezi 9, na mwaka mmoja na nusu. Kadi ikipotea wakati wa kukimbia, mlete mtoto hivyo hivyo. Mhudumu ataangalia kovu la BCG begani na kukamilisha chanjo zilizobaki. Chanjo ikirudiwa kwa kawaida haileti madhara, kuikosa ndiko kunakoleta.

Jambo hubadilika kukiwa na upasuaji au matibabu makubwa. Hapo hospitali inataka ridhaa ya mzazi au mlezi, na inataka kujua kama anayetia sahihi ana haki ya kufanya hivyo. Mlezi mwenye karatasi ya ulezi anatia sahihi na kazi inaendelea. Asiye nayo hutafutiwa afisa, simu zinapigwa, saa zinapita. Kama maisha ya mtoto yako hatarini wakati huo huo, madaktari hawangoji sahihi. Lakini mguu uliovunjika, ngiri, au jicho linalohitaji kufanyiwa upasuaji vinaweza kuahirishwa kwa sababu ya karatasi tu. Tumeona watoto wakipanda gari la wagonjwa kwenda Mbarara na kijana wa miaka 15 kama msindikizaji. Huyo naye ni mtoto. Anaweza kumshika mkono mdogo wake, hawezi kumtilia sahihi.

Kwa vijana, mtoto wa miaka 12 na zaidi anaweza kukubali mwenyewe kupimwa virusi vya UKIMWI. Na msichana wa miaka 16 aliyejifungua anahudumiwa kama mama wa mtoto wake, asifukuzwe akalete mkubwa. Lakini mkubwa anayekaa naye asifikiri kazi yake imekwisha: huyo msichana bado ni mtoto mbele ya sheria, na kichanga chake kinahitaji chakula cha mama aliyeshiba.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 34, inasema hakuna mtu atakayemnyima mtoto matibabu kwa sababu ya imani ya dini au imani nyingine. Tunaheshimu makanisa na misikiti yetu, na wachungaji wengi ndio wanaotusaidia kutangaza siku za chanjo. Ombeni mkiwa njiani kuja. Mtoto mwenye degedege asikae siku mbili chumbani akiombewa.

Nyumbani

Wajibu wa mtu mzima unaonekana zaidi jikoni kuliko ofisini. Tukiingia nyumbani hatuangalii karatasi, tunaangalia nani anachota maji. Kama watoto wanne wamekwenda shule na wa tano yuko kisimani na jerikeni mbili, mara nyingi huyo wa tano ndiye aliyepokelewa. Kazi ndogo za nyumbani kila mtoto anafanya. Lakini wote wafanye, na wote waende shule. Huo ndio ubaguzi ambao sheria inausema, hata kama hakuna aliyempiga.

Chakula cha karanga kinachotolewa kituoni kwa mtoto aliyekonda ni dawa yake yeye. Tunajua njaa iko na tunajua ni vigumu kumpa mmoja mbele ya wengine. Mpe kabla wengine hawajarudi shule, pakiti ikiisha mrudishe apimwe siku aliyopangiwa.

Wanaume, na ninyi mko ndani. Siku ya chanjo ukipita kwenye kituo utadhani watoto wa Nakivale hawana baba. Katiba inasema kutunza na kulea watoto ni haki na wajibu wa wazazi, haikusema wa mama. Baba aliyekwenda Mbarara au Kampala kutafuta kazi bado ni baba, na simu yake iwe wazi.

Mama anayekwenda kulima kwa Waganda kuanzia alfajiri hadi jioni amwache mtoto mchanga kwa mtu mzima anayejulikana, si kwa dada yake wa miaka minane. Ukisafiri siku kadhaa, mwambie mwenyekiti wa RWC au VHT wa kijiji chako jina la mtu uliyemwachia, umwachie pia kadi ya chanjo na namba yako ya simu. Ni jambo la dakika tano.

Uanzie wapi

Kama unaishi na mtoto ambaye hakuandikwa, au aliyeandikwa vibaya, anza kwa mwenyekiti wa RWC wa kijiji chako au kwa sisi VHT. Tutakuonyesha ofisi ya ulinzi wa watoto katika zoni yako. Pale watakusikiliza, watakuja nyumbani, kisha jambo litapelekwa kwenye dawati la Ofisi ya Waziri Mkuu ili karatasi ya familia irekebishwe. Huchukua muda, tena huenda ukarudi zaidi ya mara moja. Kila huduma hiyo ni ya bure. Mtu akikudai pesa, chukua jina lake na uripoti.

Ukiona mtoto wa jirani anateswa, anaachwa na njaa au ananyimwa matibabu, sheria inamruhusu kila mtu katika jamii kutoa taarifa, siyo ndugu peke yao. Simu ya watoto ya Uganda ni 116, inaitwa Sauti, na hulipi kitu kuipiga. Ukipiga, sema mtoto yuko zoni gani na kijiji gani, ana umri gani, na nini umeona kwa macho yako.

Siku ya VHT kupita kijijini kwako, weka kadi za watoto wote pamoja, wako na wa kupokelewa, ndani ya mfuko mmoja wa plastiki mahali pasipovuja mvua.